Vifaa vya bei chee: jinsi ya kujua kipi kitavumilia kazi ngumu na kipi kitakuaibisha

Kila anayeanza kujaza boksi lake la vifaa anauliza swali lile lile, hivi vya ofa vinafaa kweli ama natupa hela? Na majibu huwa mawili tu, mmoja atakwambia achana navyo ni takataka, mwingine atakwambia mi ninavyo miaka na miaka na havijawahi kunisumbua. Wote wanasema kweli. Mmoja anaongelea biti za bisibisi na mwingine anaongelea klampu, ndo maana hawaelewani. Kifaa huwa hakifi chote, kinafia mahali pamoja, kwenye ncha, kwenye jino, kwenye pini, kwenye beringi. Kwa hiyo kabla hujalipa jiulize nguvu ya mkono wako inaishia wapi kwenye hicho kifaa, halafu paangalie hapo hapo, achana na rangi ya mpini.

Kuna vifaa ambavyo mzigo unasambaa kwenye chuma kinene na hakuna sehemu ndogo inayobeba yote. Klampu, mtaimbo, nyundo ya mpira, brashi ya waya, rula ya chuma. Hivi chukua vya bei chee wala usiumize kichwa. Klampu ya ofa labda skrubu yake itakuwa inakwaruza kidogo, unapaka grisi, mambo yamekwisha.

Afu kuna vile ambavyo nguvu yako yote inakusanyika kwenye eneo lisilozidi punje ya mchele: ncha ya bisibisi ya nyota, kona za soketi ya kufungulia nati, makali ya patasi, ulimi wa racheti (kile kidude cha ndani kinachoshika meno ya mkono wa kuzungushia soketi). Hapa ndo vifaa rahisi vinaumbuka, maana umbo la kifaa kiwanda chochote kinaweza kuiga, lakini kukomaza chuma kwa moto kunataka joto sahihi na muda sahihi, na huko ndiko wanakobania gharama. Chuma ambacho hakijakomaa kinajipinda au kinalika, kilichokomazwa kupita kiasi kinakatika ghafla kama glasi. Na yale maandishi ya Chrome Vanadium kwenye shingo ya spana yasikutulize sana, yanataja aina ya chuma tu, hayasemi kilipikwa vipi.

Testi za kufanya mwenyewe

Testi ninayoipenda kuliko zote ni ya tupa. Tupa nzuri ina ugumu wa kama 62 mpaka 65 kwenye kipimo cha Rockwell C, yaani ni ngumu kuliko karibu kila kitu kwenye boksi lako. Chukua tupa ndogo, ipitishe taratibu karibu na makali ya patasi, sehemu isiyoonekana. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo na mlio wake uko juu juu, patasi imekomaa. Ikiuma na kuacha unga wa chuma, hiyo patasi utakuwa unainoa kila baada ya nusu saa. Ila usiifanye kwenye spana halafu ukalalamika, spana inatengenezwa iwe laini kidogo makusudi ili isikatike, tupa itaiuma na hiyo sio kasoro.

Niliwahi kununua patasi nne boksi moja, za punguzo, mipini ya njano. Nikazipitishia tupa usiku ule ule, moja ikateleza, tatu zikaliwa. Nikataka kuzirudisha, bahati nzuri nikakumbuka kitu, kiwandani wananoa kwa jiwe linalozunguka kwa kasi na ile ncha kabisa inaungua, ugumu unapotea kwenye milimita chache za mbele. Nikazinoa polepole kwa jiwe la mkono na maji mpaka nikaondoa kama milimita 3, nikatesti tena. Mbili kati ya zile tatu zikawa zinateleza vizuri kabisa. Ya nne ilibaki laini kama risasi, sasa hivi nakwangulia gundi. Kwa hiyo patasi ya bei chee usiihukumu kwa makali iliyokuja nayo, noa kwanza ndo useme.

Testi ya pili ni sumaku. Kifaa kinachoonekana chuma kizito lakini sumaku haishiki, mara nyingi hapo ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Kwa mpini au kifuniko sio mbaya, ila kama ni taya za jiriwa au ndoano ya kubeba mzigo irudishe ulipoitoa.

Soketi, angalia ndani kuna kona ngapi. Zenye kona 6 zinaikamata nati kwenye ubapa, zenye kona 12 zinaikamata karibu na pembe, na kwenye nati yenye kutu au soketi iliyolegea kidogo hizo za 12 ndo zinaikula nati mpaka inakuwa duara. Ukienda bei chee chukua za 6. Na usije ukaweka soketi ya mkono inayong'aa kwenye mashine ya kufungulia nati inayogonga gonga, zile zinatakiwa ziwe nyeusi, nene, za krome na molibdeni. Inayong'aa inaweza kupasuka na vipande vikaruka usoni.

Sasa racheti. Hapa mi nina kidonda changu binafsi. Nilikuwa na racheti ya ofa ya urefu wa sentimita 25, bolti imekataa, nikachomeka bomba la sentimita 75 kwenye mpini kama tunavyofanya wote, nikaegemea. Ikalia tak! na vifundo vya vidole vikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa bati. Nilivyoifungua ndani nikakuta ulimi mmoja mdogo, ukubwa wa nusu ya ukucha, kona yake imekatika, na grisi ilikuwa doa moja tu pembeni kwingine kukavu kabisa. Nikaitukana siku nzima. Lakini piga hesabu, mpini ukiurefusha mara tatu na nguvu inayofika kwenye ulimi inakuwa mara tatu, hata racheti ya bei mbaya ingelalamika. Bolti iliyogoma inafunguliwa kwa mkono wa soketi usio na racheti, ule wa chuma kitupu, na huo hata wa bei chee unavumilia kwa sababu hauna kitu ndani cha kuvunjika zaidi ya ile pini ya kichwani. Ikishalegea ndo uweke racheti ya kuzungushia.

Na ukinunua racheti mpya ya bei rahisi, siku ya kwanza ifungue, futa, paka grisi nyepesi kidogo tu, funga. Dakika 10. Kuhusu meno, yenye meno 72 inataka nyuzi 5 tu za mzunguko kusogea jino moja, yenye 24 inataka nyuzi 15, kwa hiyo ya 72 inafaa kwenye kona finyu, ila meno yake ni madogo. Kwa vifaa vya bei chee na kazi nzito mi nachagua meno machache manene.

Biti zinaungua kwa sababu yako

Hii nataka niiseme wazi kwa sababu naona watu wanalaumu biti bure. Biti za drili za ofa zenye rangi ya dhahabu, ile rangi ni ngozi nyembamba tu, chini yake inaweza kuwa chuma chochote, na ukiinoa ncha ile ngozi imeondoka. Tafuta iliyoandikwa HSS, yaani chuma cha kukatia kwa spidi kubwa. Chuma hicho kinabaki na ugumu wake mpaka joto la kama nyuzi 600, wakati chuma cha kaboni cha kawaida kikishageuka bluu, kama nyuzi 300 hivi, ugumu wake umeshapungua sana na haurudi kwa kunoa juu juu.

Lakini sasa, unatoboa chuma na biti ya milimita 10 halafu umeikamua drili mpaka mwisho, mizunguko 2800 kwa dakika. Kwa chuma laini biti ya HSS ya milimita 10 inataka kama 950, ya milimita 6 kama 1500. Biti ikinenepa punguza spidi, kandamiza kwa nguvu inayotosha kutoa nyuzi ndefu za chuma sio vumbi, tia tone la mafuta. Ukiona vumbi na moshi simama. Biti ya bei chee ukiitumia hivi inatoboa mashimo mengi ya kushangaza.

Za bisibisi nazo, nusu ya biti zinazolika ni kwa sababu mtu ameweka PH (Phillips) kwenye skrubu ya PZ (Pozidriv). Zinafanana, zote nyota, ila PZ ina vistari vidogo vinne vya ziada katikati ya mikono ya nyota. Ukizichanganya, biti inapanda na kuteleza hata iwe ya chuma cha S2.

Vya umeme

Kwenye boksi wanaandika wati kubwa kubwa, hizo ni wati ambazo mashine inakula, sio inazotoa. Na betri ya "20V" na ya "18V" mara nyingi ni kitu kimoja, ndani kuna seli 5, kila moja ni volti 3.6 kwa kawaida na 4.2 ikijaa, zidisha mwenyewe.

Grainda au drili ya bei chee kabla hujainunua shika ile ekseli itikise kwa vidole pembeni na mbele nyuma. Ikicheza ikiwa mpya, hapo ndani kuna beringi mbovu au hamna beringi kabisa kuna bushi tu ya chuma. Iwashe bila mzigo, sikiliza: mlio uwe mmoja, usiwe unapanda na kushuka. Chungulia matundu ya hewa, cheche ndogo za bluu kwenye kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) ni kawaida, moto unaozunguka duara zima ni kimeo.

Ikifika nyumbani iache izunguke bila mzigo dakika chache ili kaboni zikae sawa. Kwenye kazi, kinachoiua ni joto. Ukiisikia imeshuka mlio unaikaba, legeza. Ukiisikia inanuka usiizime ghafla, iache izunguke tupu kama dakika moja, feni yake ndo inaipoza, ukiizima ikiwa moto joto linabaki kwenye koili. Puliza vumbi kila siku, hasa la chuma. Na waya wa kurefushia ukiwa mwembamba na mrefu umeme unapungua njiani, mota inahangaika, afu unasema mashine mbovu.

Kama una mashine ya kuchomelea, soma kibao chake sehemu ya asilimia. Ikisema 60% kwenye ampea fulani maana yake kwenye dakika 10 unachomelea 6 inapumzika 4. Za bei chee nyingi ukizipeleka ampea za juu kabisa asilimia inaanguka vibaya, na watu hawasomi.

Ambavyo mi sibahatishi

Kuna msemo wa mafundi, nunua rahisi kwanza, kikivunjika ndo ununue kizuri kwa sababu umeshajua unakitumia sana. Naukubali kwa spana na bisibisi. Haufai kwa kitu ambacho kikivunjika kinavunjika na wewe. Jeki yoyote, ya ghali au ya bei chee, ni ya kunyanyulia tu, ukiingia chini ya gari weka stendi zilizoandikwa uzito zinaoubeba, na usiwe unaamini oili seli. Bisibisi ya umeme iwe na alama ya 1000V na ile pembetatu mbili, mpini wa plastiki mnene peke yake sio kinga. Mita ya kupimia umeme wa nyumba iwe na alama ya CAT (daraja la usalama wa mita) inayolingana na unapopima. Na diski za grainda, diski ya milimita 125 imeandikwa mwisho mizunguko 12,200 kwa dakika, ya 230 ni kama 6,600, kwa hiyo yule anayeng'oa kava ili aingize diski kubwa kwenye grainda ndogo anazungusha bomu.

Nyundo nayo, usigonge uso wa nyundo kwa nyundo nyingine, nyuso zote mbili zimekomazwa na kipande kinaruka. Tindo likichanua kichwani kama uyoga saga ile mdomo iishe, usisubiri.

Risiti na matunzo

Kifaa cha bei chee kipe kazi yako ngumu kuliko zote wiki ya kwanza, garantii ikiwa bado hai, usikiweke kwenye droo miezi sita ndo ukigundue. Risiti ipige picha siku hiyo hiyo, yale makaratasi ya kuchapwa kwa joto yanafifia yanabaki meupe na hutakuwa na cha kuonyesha.

Betri usizichaji zikiwa moto na usizihifadhi zikiwa tupu, nusu hivi panatosha. Chuma futa kwa kitambaa chenye oili kidogo, krome ya bei chee ikishamenyuka kutu inaingia chini yake na maganda yake yanakata vidole kama wembe. Na vilivyovunjika usitupe vyote, bisibisi bapa iliyolika ncha isage iwe mraba, fungulia makopo ya rangi, ile nzuri iache kwenye boksi.