SOMO: Kupandisha moto kwenye tanuri la matofali la kujijengea (soma lote ndo uulize)

Wakuu habari za jioni. Naandika mara moja hapa, nikiulizwa tena nakuelekeza huku. Kila wiki swali ni lile lile, tanuri nimejenga, kuni zimeisha, mkate umetoka mweupe juu na mbichi ndani. Na sababu karibu kila mara ni moja, mtu anaangalia ukubwa wa moto badala ya kuangalia tofali. Moto unaweza ukawa unatoka mpaka nje ya mdomo na tofali bado zimelala.

Naongelea tanuri la kuba, tofali za kuchoma, zimeungwa na udongo wa kichuguu. Kama ndani umejengea saruji ya kawaida basi jua ikishazoea kupita digrii 400 inapoteza nguvu, itakumwagikia kwenye chakula.

1. Kuni kavu. Ukigonganisha mbili zilie ko ko. Huku Mafinga tuna milingoti, kwingine mgunga au mwembe, poa tu. Unene usizidi kifundo cha mkono. Mbao za rangi na mabaki ya nguzo zilizopigwa dawa HAPANA, ule moshi ni sumu na unaingia kwenye chakula.

2. Tanuri jipya likaushwe kwanza. Hapa ndo nilipasulia kuba langu la kwanza kwa haraka ya kula pizza, kwa hiyo nisikilizeni. Tofali na udongo vimenyonya maji mengi kuliko unavyodhani, nje panaweza kuonekana pakavu hata vumbi linatoka lakini katikati bado. Maji yakigeuka mvuke yanapanuka zaidi ya mara 1,600, yasipopata pa kutokea yanajitafutia njia yenyewe, utasikia TA! na ufa umetoka juu mpaka chini. Acha likae wiki mbili bila moto, mdomo wazi, limefunikwa bati kama ni masika. Halafu moto mdogo siku 5 mpaka 7, masaa kadhaa kila siku. Siku ya kwanza ni vijiti tu, ndani isipite digrii 100, ukigusa kuba kwa nje iwe vuguvugu basi. Kila siku ongeza kama 50 hivi. Ukiona jasho linatoka kwa nje usishangilie wala usiongeze kuni, maji ndo yanatoka, punguza moto uyaache yatoke. Nyufa nyembamba kama unywele ni kawaida, inayoingiza kucha siyo kawaida. Na likinyeshewa, au likikaa miezi bila kuwashwa, anza tena na moto mdogo.

3. Washa katikati, karibu na mdomo, ukishika sukuma ndani.

4. Subiri kuba lijisafishe. Mwanzo litakuwa jeusi tii kwa masizi, usishtuke. Endelea kulisha kuni chache chache, ulimi wa moto ulambe kuba. Baada ya saa moja na nusu au mawili, kutegemea unene, masizi yanaungua yenyewe na tofali zinarudi rangi yake, kuanzia juu zikishuka. Mpaka zishuke pembeni kote, siyo pale juu tu.

5. Tandaza makaa sakafu nzima dakika 15, ndo usukume pembeni. Wengi wanaruka hii halafu pizza inaungua juu chini unga.

6. Fagia, pitisha tambara bichi lililokamuliwa, haraka.

7. Tupia unga wa ngano kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi hapo hapo ni moto mno, subiri. Pizza inataka sakafu 350 mpaka 400. Mkate ni 220 mpaka 250, kwa hiyo toa makaa yote, funga mlango nusu saa joto litulie, ndo uingize.

MASWALI

Kiduku_wa_Mbezi: Mkuu mbona langu halipandi nimejaza mkaa gunia zima

Fundi Tanuri: Wapi nimeandika mkaa? Mkaa hauna ulimi mrefu wa kufika kuba. Namba 4.

Kiduku_wa_Mbezi: Sawa, petroli kidogo ya kuanzishia je?

Fundi Tanuri: Kwenye pango lenye mdomo mmoja na uso wako uko hapo mdomoni? Usijaribu.

jembe255: nafunga mlango joto lisitoke lakini moto unazima, shida nini

Fundi Tanuri: Moto unakula hewa ndugu. Mlango unafungwa makaa yakishatoka.

Mama Wawili: Kaka samahani, nina kile kipima joto cha wakati wa corona, cha paji la uso, kinafaa?

Fundi Tanuri: Hapana dada, kile kinaishia arobaini na kitu, kimetengenezwa kwa ajili ya mwili. Kuna cha mafundi kinachofika 500 na zaidi, ila unga unatosha kabisa.

mtoto_wa_Pangani: Shukrani kwa somo mkuu. Huku kwetu kuni zinapata unyevu hata zikiwa ndani, nawashia vifuu vya nazi. Swali langu, sakafu naweza kuweka mawe ya matumbawe? Nyumba za zamani zimejengewa hayo na zimesimama.

Fundi Tanuri: Swali zuri sana hili. Vifuu endelea navyo, vinawaka kwa nguvu. Ila matumbawe hapana, hayo ndo wanayachoma kupata chokaa, kwa hiyo chini ya makaa makali utakuwa unachoma chokaa taratibu na jiwe litakuwa linamomonyoka. Kwenye ukuta wa nyumba hakuna moto ndo maana yanadumu. Weka tofali za kuchoma, na chini yake panga chupa tupu, jaza udongo uliochanganywa na vumbi la mbao, joto lisishuke kwenye msingi. Na pima mlango, urefu wake uwe kama asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani, kuba la sentimita 40 mlango 25. Ukizidi sana joto linatokea hapo.

mtoto_wa_Pangani: Mlango wangu ni 33 kwa kuba la 40! Nivunje?

Fundi Tanuri: Usivunje. Panga tofali juu ya mdomo kwa ndani, uteremshe mpaka 25, unga na kichuguu.

Mama Wawili: Mie nikimaliza mikate naingiza chungu cha maharage, nafunga, asubuhi yameiva hata mkaa sijagusa.

Fundi Tanuri: Safi dada. Na maharage yakitoka ingiza kuni za kesho, mkono ukiweza kukaa mle ndani bila shida. Zikiwekwa mapema zinaweza kushika moto zenyewe.

jembe255: kwa hiyo mlango nifunge saa ngapi