Mwanamke akibakwa, hospitali iko mbali: fanya haya ndani ya masaa 72

Mwanamke akija kukwambia amebakwa, kwanza mwamini. Usimuulize alikuwa anaenda wapi saa ile wala alivaa nini, maana swali la hivyo likishakutoka ndo basi, anajifunga hasemi tena. Mwambie pole, kosa sio lako, niko na wewe. Na kama aliyemfanyia ni mume au ndugu wa nyumba hiyo hiyo asirudi pale, mtafutie pa kulala.

Alafu angalia saa. Kuna dawa za kuzuia VVU zinaitwa PEP, lazima aanze ndani ya masaa 72, na akiwahi zaidi ndo zinasaidia zaidi, anameza kila siku kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho siku 5, navyo akichelewa vinapungua nguvu. Sasa kijijini masaa haya ndo yanaliwa hivi hivi, usafiri shida, nauli hakuna, na wazee wanaitisha kikao eti wamalizane kifamilia, mara siku mbili zimekatika na mtu hajaonwa na daktari. Hicho kikao kinaniuma sana kwa kweli. Msikisubiri, ondokeni, na kama kuna simu pigeni kituo cha afya kwanza muulize PEP zipo au muende kwingine.

Atatamani kuoga, mwambie taratibu asubiri apimwe kwanza kwa sababu ushahidi uko mwilini na kwenye nguo. Ameshaoga? Aende hivyo hivyo, tiba bado anaihitaji. Nguo zisifuliwe, zikiwa mbichi zianikwe zikauke, alafu kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi, plastiki inatunza unyevu na ushahidi unaharibika.

Kwa daktari aombe na chanjo ya homa ya ini B, na kila jeraha liandikwe hata dogo. Polisi aende akiamua mwenyewe, usimburute, yale maandishi yatamsaidia hata akiamua baadae.

Mkirudi funga mdomo, hata kwa mama yako usisimulie. Siku zile 28 mpitie mara kwa mara, dawa zinaweza kuleta kichefuchefu na wengine wanaziachia hapo, mwambie ameze baada ya kula, na ukiona halali usiku au anasema bora afe usimwache peke yake, mrudishe kituo cha afya siku hiyo hiyo.