Somo: Namna ya kuitambua okidi nyeupe ya matamvua

Wenzetu mlioko Illinois, Wisconsin na Michigan, Marekani, msimu umekaribia. Okidi hii, kwa jina la kitaalamu Platanthera leucophaea, ilijaa kwenye mbuga chepechepe za huko, kabla maji hayajatolewa kwa mifereji na ardhi kulimwa mahindi na soya. Iliyobaki ni haba, ndiyo maana kuitambua kwa uhakika ni muhimu.

Hatua ya 1. Nenda kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Tafuta uwanda wazi wenye unyevu, penye ndago na nyasi ndefu, si chini ya miti.

Hatua ya 2. Tazama shina: moja tu, wima, huweza kufika mita 1. Majani ni marefu, yamelikumbatia shina, na yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda. Majani peke yake hayatoshi kuamulia.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Petali ya chini, yaani mdomo, imegawanyika sehemu tatu, na ukingo wa kila sehemu umechanikachanika kama matamvua ya kikoi. Rangi ni nyeupe. Ukiona matamvua lakini mdomo haukugawanyika, hiyo ni jamaa yake, P. blephariglottis (P. ni kifupi cha Platanthera). Ukiona rangi ya kijani iliyopauka na nyuzi zilizochanika ndani sana, ni P. lacera, ambayo ni ya kawaida na ndiyo inayowachanganya wengi.

Hatua ya 4. Inama utazame nyuma ya ua. Kuna mrija mwembamba uliopinda kuelekea chini, wenye nekta. Sogeza rula bila kuugusa: kwa okidi yetu ni sentimita 3 hadi karibu 5, kwa lacera ni kama 2 au pungufu. Urefu huo una kazi. Wachavushaji wake, yaani wanaobeba chavua (unga wa ua) toka ua hadi ua, ni nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, na harufu ya ua huzidi giza likiingia.

Hatua ya 5. Piga picha ya uso na ya ubavu. Bila ya ubavu, mimi sithibitishi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, niko Manitoba, Kanada. Niliyoiona ina maua makubwa zaidi, meupe ya krimu.
Jibu: Hiyo ni ndugu yake wa magharibi, P. praeclara, iliyotambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 1986. Tofauti yao inayonifurahisha zaidi ni hii: leucophaea humbandika nondo chavua kwenye ulimi, praeclara humbandika machoni.

Swali: Mwaka jana niliiona, mwaka huu hamna kitu. Imekufa?
Jibu: Si lazima. Huweza kupumzika ardhini msimu mzima bila kutoa ua. Rudi mwakani.

Swali: Naruhusiwa kuhamishia moja bustanini kwangu?
Jibu: Hapana, tafadhali. Marekani inailinda kwa sheria ya shirikisho tangu 1989, na inategemea kuvu wa udongo ule ule ilipoota. Wala usitangaze mahali ilipo, maana okidi huibwa. Mwambie msimamizi wa hifadhi. Ukitaka kusaidia, pembezoni mwa Chicago wapo wanaojitolea kuihesabu na kuichavusha kwa mkono, wakihamisha chavua kwa kijiti cha kuchokolea meno. Hukaribisha wageni, na hufundisha papo hapo.