Debati ya politike ku televizio: soma hii mbele ya kununua kravate

Kila juma badogo batatu ao bane bananitumia mesaji, yaya, namna gani na mie nitaikala ku plato niulize bakubwa ya politike maswali mbele ya kamera? Nikijibia kila mumoja peke yake sitalala, basi naandika mara moja hapa, mutatumiana.

Ya kwanza, jua unataka kazi gani, juu iko mbili na bantu bananichanganyia. Muchambuzi anakuya na mawazo yake na anayatetea. Animatere ya debati, yee, kazi yake ni kufanya bengine baseme, na baseme ile hawakupanga kusema. Kuko na kikundi ya tatu, bakomunikatere, bale chama inabatuma ku plato bapige kelele, na si mbaya, ni kazi yao, lakini usijiite muchambuzi wakati kadi ya chama iko mu mufuko yako, hapa Lubumbashi tunajuana, mutu akikuona ku mutingi ya chama siku ya mungu, siku ya tatu hakuamini tena.

Masomo: UNILU, universite ya Lubumbashi, iko na masomo ya habari na komunikasio, ni muzuri, enda. Lakini banamasomo ya sheria na ya uchumi njo niliona banatesa bageni kabisa. Diplome inasaidia kuingia, haisaidie kubakia.

Na anzia ku radio. Najua hauko unataka kusikia hii. Larry King, ule animatere Mumarekani ya bretele, alianza radio kule Miami mu 1957, CNN ilimupatia emisio yake mu 1985 na alibakia pale paka 2010. Hesabu mwenyewe, miaka 28 ya kusikiliza bantu mbele ya ile kiti. Maswali yake yalikuwa mafupi, mara zingine maneno matatu ine. Sisi huku animatere anauliza swali ya dakika mbili, mugeni anasema "ndiyo, uko na haki", na tumemaliza.

Sasa nifike ku mambo yenyewe. Kazi inafanyika mbele ya emisio, ku nyumba, na makaratasi. Nitakuelezea aibu yangu. Mwaka yangu ya kwanza nilikuwa na onorabule moja ku plato, tulikuwa tunazungumuza feza ya mugodi. Akasema, na sauti ya mutu anajua, "sheria ya migodi inapatia provensi yetu 40%". Mie nikatikisa kichwa, nikapita ku swali ingine. Kesho yake papa moja wa Kamalondo, komini ya hapa Lubumbashi, muzee alitumika mu mugodi miaka yake yote, akanisimamisha mu barabara: "Mwanangu, jana ulikuwa animatere ao ulikuwa kiti?"

Juu ile 40% ni ya katiba ya 2006, artikle 175, sehemu ya mapato ya taifa yenye provensi inapashwa kubakia nayo. Sheria ya migodi iko ingine. Ile ya 2018 inasema redevansi ya mugodi, feza yenye makampuni banalipa juu ya madini, inagawanywa: 50% ku serikali ya Kinshasa, 25% ku provensi, 15% ku komini na sheferi (inchi ya bachefu) kwenye banachimba, 10% ku mufuko ya vizazi bitakuya. Onorabule alichanganya bitu mbili, pengine kwa makusudi, na mie sikuona. Kama ningalijua, swali ilikuwa tayari mu kinywa: "Onorabule, uko unasema ya katiba ao ya migodi? Na ile 15% ya komini, nani anaihesabu?" Hapa kwetu mutu asiyejua hizi hesabu asiikale ku plato, kila debati ya Haut-Katanga inaishia paka kule.

Basi soma katiba. Soma artikle 220, juu kila mara bantu banapiga kelele ya kubadirisha katiba, ni ile banayotaja: inakataza kugusa idadi na urefu ya mandat ya rais. Inakataza bingine pia, banaisahau. Jua kama gavana hachaguliwe na sisi bote, anachaguliwa na badepite ya provensi, na njo bale banaweza kumutosha na mosio, kura ya kumukatalia. Ukijua hii, siku gavana anaanguka hautashangaa mbele ya kamera, utauliza nani alihesabu kura na nani aligeuka usiku.

Nyuma ya kusoma, kuko swali ya pili. Ya kwanza kila mutu anaweza. "Onorabule, barabara imefika wapi?" "Tuko tunatumika, wataalamu beko chantier." Animatere mubaya anasema asante. Wee sema: "Kilometa ngapi? Zitamalizika mwezi gani?" Kisha nyamaza. Nyamaza kabisa, usimusaidie, hata sekunde tano ambazo kwako zitakuwa kama saa nzima. Mutu akiona kimya anaijaza, na mara mingi anaijaza na ukweli. Na heshima haipotee: muite papa, muite onorabule, muite ekselansi kama ni gavana, sauti chini, uso inacheka kidogo. Kumuita mutu papa hakukatazi kumuuliza feza ilienda wapi. Bale banaotukana mugeni banapata vue mingi ku YouTube, kisha hakuna mukubwa anakuya tena.

Luga. Ku plato mutaanza Kifaransa, nyuma ya dakika kumi mugeni atajificha mu "dans le cadre de". Umurudishe mu Kiswahili yetu. Mufwankolo na kikundi yake ya teatre balituonyesha zamani ku radio na televizio kama Kiswahili ya Lubumbashi inaweza kubeba mambo yote, kucheka na kulia. Muambie, "papa, fasiria mama wa soko ya Kenya", ile komini yetu ya Lubumbashi, si inchi. Akishindwa, si Kiswahili njo imekosa.

Feza, sitaficha. Mishahara ni kidogo, mara zingine haiko, na njo mule kupaji inaingia: mugeni anatosha anvelope nyuma ya emisio, "ya transipori". Mie nilichukua mara mbili mu mwanzo, nasema hapa bila kujisifu, na mara ya tatu mutu alinitumia maswali yake mwenyewe kwa WhatsApp mbele ya kuanza, na niliyauliza. Tangu ile siku sikuchukua tena. Kama mwanapolitike amelipa ile saa nzima, na inafanyika kila wiki, basi iandikwe ku ekra kama imelipiwa, na usiite debati.

Sheria ya presse mupya ni ya Machi 2023, ilichukua fasi ya ile ya 1996, isome, hasa ku mambo ya kusingizia mutu na haki ya kujibu. Kadi ya presse inatoka ku UNPC, chama ya bandika-habari ya Kongo. CSAC, ofisi ya inchi yenye kuchunga radio na televizio, inaweza kusimamisha emisio, na wakati ya uchaguzi inaangalia kama kila upande inapata dakika zake, basi hesabu dakika wee mwenyewe na kronometre, usingojee barua.

Bitu bidogo: mugeni wa Kinshasa ukimuambia saa moja ya mangaribi, yeye anafika ku laini saa mbili yetu, sema saa ya Lubumbashi. Piles za mikro mu mufuko, juu kuriya inakata. Nguo safi, rangi moja, imetosha.

Juma hii fanya hivi: chukua debati moja ya zamani ku YouTube, andika kila swali ya animatere mu kayé, na mu fasi ya kila moja andika swali ya pili alipashwa kuuliza. Ukipata kumi, nitumie ile kumi. Foto yako na mikro usinitumie.