Milford Sound: lala Te Anau, si Queenstown
Ukifika New Zealand na unataka ziara ya basi ya siku moja kwenda Milford Sound, ghuba nyembamba ya bahari kati ya miamba mirefu, pandia mji mdogo wa Te Anau. Kutoka mji wa Queenstown ni karibu kilomita 290 kwenda tu, kurudi bado, kwa hiyo siku yote inaishia kitini. Kutoka Te Anau ni kama 120, na milima yenyewe iko kipande hicho. Mvua isikuvunje moyo: ikinyesha ndipo maporomoko yanapomwagika kila upande wa miamba, mengi yakikauka jua likiwaka. Koti la mvua kaa nalo, usilitupe kwenye buti la basi. Na dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu, tafadhali! Kuna vijidudu vyeusi huko, ukisimama kupiga picha tu vishakuvamia miguuni.