Somo: Jinsi ya kudai intaneti kisiwani kwenu

Vijiji vingi vya visiwani huandika barua vikiomba "mnara". Andikeni intaneti, tena 4G. Mnara wa 2G unabeba simu na meseji, lakini picha ya mzigo wa dagaa haifiki kwa mnunuzi wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza.

Anayetoa ruzuku ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), wa sheria ya 2006. Unazilipa kampuni za simu zijenge pale ambapo biashara peke yake hailipi. Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya minara 758 katika kata 713. Angalieni hapo: hesabu ni ya kata. Kata ikiwa na mnara upande wa bandarini, kwenye karatasi imeshafikiwa, hata kama vitongoji vya nyuma ya mawe bado vinasaka mtandao juu ya jabali. Kazi yenu ni kuvitoa vitongoji hivyo kwenye kivuli cha kata.

1. Pimeni. Hapa msifanye haraka. Chukueni simu zenye laini tofauti, mpite mwaloni (mnakoshushia samaki), shuleni, zahanati na kambi za wavuvi. Kila mahali andikeni herufi iliyo juu ya skrini: E (ndiyo 2G), H (3G), 4G, au hakuna kitu. Pimeni asubuhi, kisha jioni watu wakiwa wengi hewani. Ramani ya simu itawapa majira ya nukta (namba za mahali mlipo) hata bila bando. Pigeni picha za skrini.

2. Mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari, mahudhurio, muhuri.

3. Kiwanja. Mnara ukikaa kwenye ardhi ya kijiji, kodi inaingia kijijini. Amueni mapema, kabla mjanja mmoja hajajimilikisha kilima.

4. Barua. Mtendaji wa kijiji, kata, mkurugenzi wa halmashauri. Nakala kwa UCSAF, mbunge na ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) Mwanza. Bakini na nakala iliyogongwa "imepokelewa".

Maswali ya wanachama

*Mama Dagaa, Ukara:* Shikamoo mwalimu. Mnara tunao, alama zimejaa, ila intaneti haifunguki. Tuombe mwingine?

Marahaba mama. Hapana, ombeni huohuo uongezewe nguvu. Nguzo na kiwanja vipo tayari, gharama inapungua sana. Ambatanisha zile picha zenye E.

*Kijana wa Kome:* Kaka, kwa nini tusijenge wenyewe?

Wapo waliofanya. Kule Oaxaca, Meksiko, jumuiya za wenyeji wa asili zilipata mwaka 2016 leseni ya kuendesha mtandao wao wa simu. Marekani nayo mwaka 2020 iliyapa makabila ya wenyeji nafasi ya kuomba masafa (mawimbi ya redio yanayobeba mtandao) ya gigahezi 2.5 kwenye ardhi zao kabla hayajapigwa mnada. Kwetu mwenye masafa ni TCRA. Anzieni ofisini kwao Mwanza kabla hamjachangishana hela ya vifaa.

*Mwalo Mpya:* Mtendaji ameikalia barua. Tufanyeje?

Mwoneni diwani, ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Aiweke kwenye ajenda. Naye akiwa hapatikani, ile nakala ya UCSAF pelekeni wenyewe.