Somo: Kuzuia paa la gari la kambi lisivuje, na plaiwudi ya kulikarabatia

Gari la kambi linalotoka Arusha kwenda porini hutikiswa kwa saa nyingi katika barabara za vumbi, na mtikisiko huo ndio unaofungua mishono ya paa. Masika ya Machi hadi Mei huja tu kukuonyesha kilichokwisha kuharibika. Ifanye kazi hii Januari au Februari, mbao zikiwa kavu.

Kwanza tafuta tundu, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu maji yanayopenya kwenye skrubu ya keria huweza kutambaa juu ya dari na kudondokea kitandani, mbali kabisa na yalipoingilia. Mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini ya ukuta na kupanda polepole hadi paani, huku mwenzako akikaa ndani na tochi. Ukianzia juu, kila mahali patalowa kwa pamoja na hutajua lolote.

Pili, dunga mbao kwa bisibisi. Inapozama, kata hadi ufikie mbao ngumu.

Tatu ni plaiwudi, na jina la marini, yaani ya baharini, lisikuhadae. Madukani kwetu ukiomba “marini bodi” mara nyingi utapewa ile yenye utando wa kahawia au mweusi unaong'aa, ambayo mafundi ujenzi huitumia kumwagia zege. Ni nzito, na utando wake haushiki vizuri gundi wala rangi. Plaiwudi halisi ya mashua, ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, hutengenezwa kwa gundi isiyoachia majini, ingawa mti wenyewe bado huoza ukiachwa umelowa. Ukitilia shaka bao, omba kipande, kichemshe kwa saa kadhaa, kisha jaribu kubandua matabaka kwa kisu; yakibanduka kwa urahisi, gundi yake haifai. Mimi hutumia milimita 6 kwa dari na 12 kwa sakafu.

Nne, kabla ya kufunga bao, paka epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, kwenye kingo zote ulizokata na ndani ya kila tundu la skrubu, kwa kuwa kingo hunywa maji kuliko uso.

Mwisho, laza mkanda wa butili, ule wa mpira laini unaonata, chini ya fremu za madirisha ya paa, kaza skrubu, kisha ziba juu kwa gundi ya kuzibia ya poliyurethani.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Nilikwisha kupaka silikoni. Je, naweza kupitisha poliyurethani juu yake?

Jibu: Marahaba. Hapana, kwa sababu karibu hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni. Ikwangue yote, usafishe kwa spiriti, ndipo upake upya.

Swali: Niko Moshi. Paa langu la kunyanyua huvuja gari likiegeshwa mteremkoni tu.

Jibu: Maji yanakusanyika upande wa chini. Zibua kwanza matundu ya kutolea maji, ambayo hujaa vumbi na majani, kisha ukague mpira wa pembeni. Ukiwa umebonyea na haurudi, ubadilishe wote badala ya kuuongezea gundi.